Kitabu cha Alhamisi

Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero
Jumapili, 11 Februari 2024

Dada Saumu,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Mimi mdogo wako Twaha ni mzima, ukiacha mgongo, na mgongo si habari kwa mkata miwa. Natumaini mama anaendelea vizuri na magoti yake, na mwanangu Mwanahamisi hajambo, na yule ng'ombe wenu mkorofi amezaa salama. Mfikishie mama shikamoo yangu. Mwambie huku joto ni kali kiasi kwamba ninaitamani baridi ya Kwai niliyokuwa nikiitukana.

Utashangaa kupata karatasi. Nimesikia simu yako ilitumbukia mferejini ukiosha karoti, pole. Lakini hata ingekuwa nzima ningeandika, kwa sababu nimeagizwa. Mwalimu Beatha, yule anayemfundisha Mwanahamisi darasa la nne, alinipigia kwenye simu ya Sefania, Mpare ninayelala naye chumba kimoja. Sefania, ambaye huniita kama tunavyoitana Wasambaa, akanipa simu akasema, "Mgosi, mwanamke anakutafuta kwa Kiswahili cha ofisini. Umefanya nini?"

Mwalimu alisema shule imepata chumba cha maktaba. Kila Alhamisi mtoto anaazima kitabu anakwenda nacho nyumbani. Jioni anasoma kwa sauti, wakubwa wanasikiliza. Alhamisi inayofuata anakirudisha anapewa kingine. Na wazazi tulio mbali tuandike barua za karatasi, ili nyumbani pawe na kitu cha kusoma kinachomhusu mtoto mwenyewe.

Kisha akaniambia la pili, kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba. Mwanahamisi hajui kusoma. Herufi anazijua mojamoja, akiziunganisha zinamkimbia. Mwezi wa kumi kuna upimaji wa taifa wa darasa la nne. Asipojua kusoma hadi hapo, atarudia darasa.

Dada, mimi unanijua. Nilirudia darasa la nne, nikaona aibu kukaa na watoto wadogo, nikaenda kubeba kabichi sokoni. Nilidhani nimewakomesha walimu. Huku wanaosoma upesi wako kwenye mizani ya kupimia miwa, wamekaa kivulini. Sisi tuko kwenye masizi. Sitaki mwanangu aanguke shimo lile lile nililoangukia mimi. Tangu mama yake afariki nimekuachia wewe kila kitu, najua, lakini hili nakuomba kwa mikono miwili. Hakikisha anasoma.

Na kitabu chenyewe tafadhali. Ni mali ya watu. Nyumba inavuja, jikoni moshi, na ng'ombe wenu alishakula kanga ya mama. Kitunze kama msahafu wa marehemu baba. Kikiharibika sitakuwa na uso wa kuongea tena na Mwalimu Beatha.

Ni mimi mdogo wako,
Twaha


Kwai, Lushoto
19 Machi 2024

Mdogo wangu Twaha,

Wa aleykum salaam, na marahaba. Barua yako imefika tukiwa kwenye mfungo. Sisi wazima. Mama anakusalimu. Anafunga, tumemkataza hasikii, na kweli hasikii, masikio yamezidi kuziba. Ng'ombe alizaa dume, kwa hiyo hatuna tulichopata ila makelele. Mvua imeanza kwa fujo. Kitalu cha kabichi cha kule bondeni kimeondoka na maji, mbegu na udongo wake. Karoti za juu zimesimama.

Barua yako nimeisoma kwa sauti baada ya futari. Mwanahamisi alikaa karibu kabisa akiitazama karatasi. Pale uliposema ng'ombe alikula kanga alicheka mpaka akakohoa. Pale pa yeye kutojua kusoma sikumsomea, nilipitisha.

Kitabu kimekuja. Kina picha ya kinyonga kwenye jalada, kizuri, kipya, kinanuka duka. Usiwe na wasiwasi nacho kabisa. Ulivyoniagiza ndivyo nilivyofanya. Mama naye alikishika akasema hajapata kuona kitu kisafi hivi ndani ya nyumba hii tangu aolewe.

Penseli na soksi ulizotuma pamoja na barua nimempa. Soksi anavaa usiku.

Utakuja Iddi? Mama ameuliza, na mimi nauliza.

Dada yako,
Saumu


Kambi ya Wakata Miwa
Jumapili, 21 Aprili 2024

Dada Saumu,

Shikamoo. Iddi ilipita salama, tulikula wali wa kambini na Sefania alikula kuliko sisi tuliofunga. Akasema yeye alikuwa anatusindikiza. Mafuriko yamechukua daraja la kuelekea mjini, ndiyo maana barua yako nimeipata juzi. Kiwanda kimefungwa kwa masika. Mimi nimebakizwa kwenye palizi na kuzibua mitaro. Maji yako magotini kutwa nzima, na miguu imekuwa kama ya bata.

Pole kwa kabichi. Pole sana.

Dada, umeniandikia habari za kinyonga wa kwenye jalada. Sijasikia habari za ndani. Huyo kinyonga anafanya nini? Mwanahamisi anaposoma anakwama wapi? Mama anasikia chochote? Mimi nikiwa kwenye mtaro ninawaza tu hilo, kwamba jioni hii mwanangu anasoma na nyinyi mmezunguka moto mnasikiliza. Nikiwaza hivyo naweza kumaliza mtaro.

Nakuomba katika barua yako umwache aandike mstari mmoja. Hata jina lake tu.

Twaha


Kwai
22 Juni 2024

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Barabara ya kwenda Lushoto ilifunikwa na udongo mwezi mzima, magari yalikuwa yanaishia katikati na watu wanavusha mizigo kichwani. Baridi nayo imeingia. Ukungu unashuka saa tisa alasiri hatuonani na jirani. Nguo zinakaa kambani wiki nzima, na ukizianua zina maji yale yale.

Maharage tumepata kiasi. Mama alianguka mlangoni lakini hakuvunjika, ameumia nyonga kidogo, na ulimi hakuumia. Ananituma nikuulize kama huko kwenye miwa wanafunga watu kwa minyororo, maana haoni kingine kinachomzuia mtoto kuja kumwona mama yake.

Mwanahamisi mzima. Amekuwa mrefu. Ananisaidia sana, karoti anaziosha yeye na kuzifunga mafungu, mikono yake ni myepesi. Shuleni anakwenda. Mwalimu Beatha aliita wazazi siku moja ya kusoma pamoja na watoto maktabani, mimi sikuweza kwenda, ilikuwa siku ya kupura maharage. Mstari ulioomba hakuuandika. Alikuwa na mafua.

Kinyonga hajambo.

Dada yako,
Saumu


Kambi ya Wakata Miwa
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada Saumu,

Shikamoo. Natumaini mama amepata nafuu ya nyonga. Mwambie hakuna minyororo. Msimu wa kukata umeanza, miwa inachomwa alfajiri na sisi tunaingia ikiwa bado ina joto. Nikitema mate yanatoka meusi.

Nimeisoma barua yako na kuirudia. Kuna kitu hakimo. Mtu mwenye mafua huandika jina lake. Basi nikaomba simu ya Sefania, nikampigia Mwalimu Beatha.

Sasa nisikilize dada, na nitasema kama ninavyosema na watu wa kambini, heshima nitaiokota baadaye. Mwalimu ameniambia Mwanahamisi alichukua kitabu kimoja tu, mwezi wa tatu, na hajakirudisha hadi leo. Sheria ya maktaba ni rudisha ndipo uchukue. Kwa hiyo kila Alhamisi wenzake wakiingia kuchagua vitabu, yeye anakaa nje kwenye ngazi. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Anaulizwa kitabu kiko wapi, anajibu, "Bado tunasoma nyumbani." Mwalimu alidhani labda ni kweli. Akampa ubaoni neno "mama". Akalisoma. Akampa "kuku". Akalisoma. Akampa "kinyonga", jina la kitabu anachosema anakisoma kila siku, akalia.

Umeniandikia mvua, ng'ombe, maharage, nyonga. Nimekaa huku nikijiona baba mwenye mtoto anayesoma. Nimezibua mitaro ya watu kwa furaha ya uongo.

Kitabu kiko wapi? Kama mmekiuza, sema. Kama kimeliwa na ng'ombe, sema. Mwezi wa kumi uko hapa. Sina njia ya kuja, nikitoka kambini leo kesho kirago changu kina mtu mwingine, na bila hii kazi hata hizo soksi hazipo. Nifanye nini dada? Nimshike mkono kwa waya wa simu?

Twaha


Kwai
9 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa umeniamkia kwa fimbo.

Kitabu hakikuuzwa wala hakikuliwa. Nitakueleza kama kilivyo, na ukimaliza uniseme utakavyo.

Siku kilipokuja nilikuwa nimeshaisoma barua yako. Uliandika nikitunze kama msahafu wa baba. Twaha, msahafu wa baba tunautunzaje? Umefungwa kitambaa cheupe, umo ndani ya sanduku la bati, juu kabisa, ufunguo uko shingoni kwa mama. Na mimi nikakifunga kitambaa, nikakiweka pale pale juu. Moyo wangu ukatulia. Nikasema mdogo wangu hataaibika.

Mwanahamisi aliniomba, "Shangazi, nipe kitabu nisome." Nikamwambia, "Umenawa?" Akanawa, akarudi. Nikamwambia, "Una udhu?" Akaenda akatia udhu, akarudi. Nikamwambia ngoja mvua ipite, nyumba inavuja. Siku nyingine nikamwambia ngoja moshi upungue. Siku nyingine alikuwa na udongo kuchani, nikampiga mkono. Baada ya hapo hakuomba tena. Mimi nikaona amekua na adabu.

Mwezi wa nne akaniambia mwalimu anakitaka. Tukafungua sanduku. Twaha, masika yote yale, baridi, bati linatoa jasho kwa ndani. Msahafu una ngozi nene, haukudhurika. Kitabu kilikuwa kimeota kuvu ya kijani. Kurasa zimegandana, ukivuta moja inakuja na ngozi ya mwenzake. Mama alikinusa akasema, "Hiki kimeshakufa, mkakizike."

Niliogopa. Nilikuogopa wewe, nikamwogopa na yule mwalimu na kucha zake safi. Nikamwambia mtoto, sema bado tunasoma. Akasema. Hajawahi kunikatalia neno. Nilimfundisha uongo mimi, na uongo ndicho kitu pekee alichosoma nyumbani kwangu mwaka huu.

Tangu mwalimu amlize ubaoni haendi shule kila siku. Anatoka na sare, anakaa kwenye miti ya miwati kule juu ya mto, saa ya kutoka anarudi na wenzake. Nimejua jana. Nilimkuta nikitafuta kuni. Hakukimbia. Alisema, "Shangazi, karoti ninaziweza. Niache kwenye karoti."

Maneno yako yale yale, uliyomwambia baba. Nimeshindwa kulala.

Saumu


Kambi ya Wakata Miwa
Jumapili, 1 Septemba 2024

Dada Saumu,

Shikamoo, na ninaiokota heshima yangu pale nilipoiangusha.

Nilipoisoma barua yako nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Neno la msahafu nililitoa mimi. Nilitaka nisiaibike kuliko nilivyotaka kitabu kisomwe, na wewe ukanipa nilichokitaka. Nilimsimulia Sefania. Nilidhani atacheka. Akasema kwao Upareni, baba yake alinunua redio akaifunika kitambaa, ikawashwa siku ya mazishi yake.

Sasa dada, fanya haya. Kichukue kitabu na kuvu yake, usikifute, usikipake kitu. Mshike Mwanahamisi mkono. Nendeni kwa Mwalimu Beatha mkaseme kila kitu, hata la udhu. Kama atawafokea, simama ufokewe mbele ya mtoto, ili aone uongo si wake ni wetu.

Asibaki kwenye karoti. Nakuambia mimi niliyebaki kwenye kabichi. Siku ya kwanza ni raha, unapewa chai na maandazi, watu wanakusifu una nguvu. Miaka inapita, kila karatasi inayoletwa mbele yako unatazama uso wa aliyeileta, ujue kama ni ya kheri au ya shari, kwa sababu wakati unahangaika na mstari wa kwanza yeye ameshakuonyesha pa kutia saini. Barua hii unayoisoma nimeianza asubuhi, sasa hivi wanapakua chakula cha jioni.

Mpaka upimaji zimebaki wiki chache. Sijui kama zinatosha. Nadhani hazitoshi. Nendeni hivyo hivyo.

Twaha


Kwai
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Mama hajambo, anatembea kwa mkongojo na kuutumia kupiga kuku. Mvua za vuli zimeanza kuonja.

Tulikwenda. Mwanahamisi alikibeba kitabu kifuani kama mtoto mchanga. Njiani nilitaka kurudi, nikasema karoti hazijapaliliwa. Akaniambia, "Shangazi, twende tu, mimi nimeshazoea kuulizwa."

Mwalimu Beatha alikuwa peke yake maktabani. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilisema la kitambaa, la sanduku, la udhu, la kumpiga mkono. Alikishika kitabu, akajaribu kukifungua, kikalia kama kitambaa kinachochanika. Nikangoja.

Akasema, "Mama, kaa."

Nikakaa. Akavuta vitabu vingi kutoka kwenye rafu akaviweka mezani. Vyote vipya, vinameta. "Hivi vilikwenda kwenye nyumba za watu na vimerudi," akasema. "Viangalie."

Nikaviangalia. "Ni visafi," nikasema.

"Visafi mno. Hiki hakikuwahi kufunguliwa, mgongo bado mgumu. Hiki hivyo hivyo. Nilikuwa nawasifia wazazi mkutanoni kwa kutunza vitabu, kumbe nawasifia kwa kuvifungia. Chako angalau umekileta na ukweli wake."

Kumbe kijiji kizima, Twaha. Waislamu masandukuni, Walutheri wameviweka pamoja na Biblia na nguo za Pasaka. Alhamisi iliyofuata mwalimu aliita wazazi, safari hii nilikwenda. Akatwambia, "Nataka vitabu virudi vichafu. Nataka nione alama za vidole, mchuzi, majivu. Kitabu kikirudi safi nitamwita mwenye nyumba." Mzee mmoja nyuma akasema, "Haya, mwaka huu tumepata mwalimu anayesifu uchafu." Watu walicheka, lakini vitabu vilitoka masandukuni.

Jioni sasa Mwanahamisi anasoma jikoni. Mama hasikii, kwa hiyo anapiga kelele. "KU-KU A-NA-TA-GA!" Mama anauliza, "Anataga wapi?" Mtoto anarudia kurasa zote kutafuta. Majirani wanajua kila kuku wa kitabuni alipotaga. Ukurasa una alama ya mafuta ya taa, nami ninauacha.

Lakini nisikudanganye tena. Maneno mafupi anayaweza. Mstari mrefu unamzidi, anafika katikati amesahau alikotoka. Juzi alikitupa kitabu ukutani akasema kichwa chake ni cha baba yake. Nikamwambia ndiyo, basi kiokote. Mwalimu anasema angeanza mwezi wa tatu kama wenzake, angekuwa anasoma sasa. Hakuniangalia aliposema hivyo.

Upimaji umebakiza wiki moja na siku chache. Utakuja mwisho wa mwaka? Hujawahi kunijibu.

Saumu


Kambi ya Wakata Miwa
Jumapili, 17 Novemba 2024

Dada Saumu,

Shikamoo. Ninaandika kifupi, nilijikata shavu la mguu kwa panga na nimefungwa, lakini si la kutisha.

Upimaji umepita na matokeo ni Januari. Nimewaza sana. Akianguka, usimwambie. Watoto wa rika lake watakwenda la tano, na yeye akisikia ghafla atafanya nilivyofanya mimi, hatavuka tena lile geti. Mwache nyumbani siku ya kufungua, mpe kazi yoyote. Tutafute maneno kwanza, mimi na wewe. Nitakuandikia ya kumwambia.

Kuhusu kuja, mguu ukipona tutaona.

Twaha


Kwai
15 Januari 2025

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Mama anakuuliza mguu gani, wa kulia au wa kushoto, kana kwamba akijua utapona.

Maneno uliyosema utaandika sikuyapata. Pengine hukuyaandika. Na sasa hayahitajiki.

Mwanahamisi ameanguka. Mwalimu Beatha aliniambia sokoni kabla ya shule kufunguliwa. Alisema alikosa kidogo, lakini kidogo nacho ni kukosa. Nilifanya ulivyoagiza. Jumatatu asubuhi nikamwambia, "Leo usiende, kuna karoti za kuosha." Akaniangalia. Nikainama kwenye beseni. Nilipoinua kichwa hakuwepo, na sare haikuwepo kambani.

Niliacha karoti nikamfuata mbio, nikiwa na matope mpaka magotini. Nilipofika geti alikuwa ameshafika kwenye mlango wa ofisi. Majina yamebandikwa pale. Watoto wengine walikuwa wanatafutiwa majina na kaka zao, wanaruka, wanakimbia. Yeye alisimama. Mwalimu Beatha alikuwa ndani, anamwona kupitia dirishani. Ameniambia baadaye, "Nilitaka kutoka nimshike, nimpeleke pembeni nimweleze taratibu. Kisha nikaona kidole chake kinatembea kwenye karatasi, na midomo inacheza. Mama, sikuweza kumkatiza mtoto anayesoma."

Alianza na wanaokwenda la tano. Aliipitia orodha ile jina kwa jina, yote, mpaka chini. Halafu akahamia karatasi ya pili. Akasoma kichwa chake. Nilikuwa nimeshamkaribia, nilimsikia. "Wa-na-fu-nzi. Wa-ta-ka-o-ru-di-a." Mstari mrefu, Twaha, na hakusahau alikotoka. Akashuka na kidole. Akakisimamisha.

Hakuna aliyemsomea.

Aligeuka akaniona na matope yangu. "Shangazi, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako alisema tungoje kwanza."

"Basi mwandikie nimeshaambiwa na mlango."

Akaenda nyuma ya vyoo akalia, sauti yote, kama anayemsomea mama. Sikumfuata. Nilisimama pale geti nikiwaza siku ile ulipotoka wewe, na baba akasema mwacheni atarudi. Kengele ikalia. Akatoka akiwa amejifuta uso kwa sketi. Wenzake wa zamani walikuwa kwenye mstari wa la tano, mmoja akamwita kwa mkono, akidhani amekosea njia. Akapita. Akaingia darasa la nne, akakaa nyuma, na wale watoto wanamfika begani.

Leo ni siku ya tatu anakwenda. Kesho sijui. Kila asubuhi ninasimama mlangoni na kumtazama mpaka ukungu umfunike, kisha ninabaki nikisikiliza kama hatua zinarudi.

Saumu


Kambi ya Wakata Miwa
Jumapili, 26 Januari 2025

Dada Saumu,

Shikamoo. Mwambie mama ni mguu wa kushoto.

Barua yako nimeisomea nje, kwenye ngazi za kambi. Ni kweli maneno sikuyaandika. Nilikaa na kalamu jioni nyingi, nikaona kila nitakalomwambia ni uongo, kwa sababu mimi sikurudi darasani. Sijui mtu anaingiaje kwenye mlango ule na macho ya wenzake yako mgongoni. Yeye anajua. Mimi nina la kumuuliza, sina la kumfundisha.

Usimwekee karoti asubuhi. Hata zikioza. Na akija siku moja akasema hawezi tena, usimpige na usimbembeleze. Mpelekee mama kitabu, mama amwambie hakusikia.

Kuja, dada, siwezi. Nimekuficha muda mrefu kwa kunyamaza. Mguu haujapona sawasawa na mnyapara anataka watu wenye miguu mizima. Nikija nitakuja mikono mitupu, na nikikaa nitakuwa mdomo mwingine kwenye chungu chenu. Sasa nimesema.

Sefania alinikuta nimeshika karatasi, uso umelowa. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Mwanangu ameanguka mtihani, na habari hiyo ameisoma mwenyewe, neno kwa neno, hakuna aliyemsaidia.

Akakaa karibu yangu. Akafikiri sana, si kawaida yake. Akasema, "Mgosi, hapo sasa nikupe pole au nikupe hongera?"

Nikamwambia aanze na pole.

Twaha